Kutoka Shimo la Mungu hadi Bustani ya Mungu: Noah, mama mkwe na siku saba za Desemba

"Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu, naishi Newala na mume wangu na watoto watatu wa miaka 14, 9 na 4. Mwaka huu korosho imetulipa, tumeona badala ya kuongeza chumba kingine tutembee tuione nchi. Gari letu ni Noah ya automatiki, si fowili. Tuna siku saba za likizo ya Desemba. Tunataka kupita hifadhi za milimani: Kitulo tukaone maua, Udzungwa, Mikumi, na muda ukiruhusu tumalizie Kilimanjaro. Mama mkwe ana miaka 68, ana presha, na amesema haachwi. Mume wangu anataka tukate kwa Liwale tutokee Ifakara ili tuokoe mafuta, tena anasema kwenye mteremko unaweka gia huru, gari halili mafuta. Fundi wetu aliitoa thamostati zamani kwa ajili ya joto la huku, anatuhakikishia gari halitachemka. Mimi naogopa breki, na naogopa mama kuishiwa pumzi huko juu. Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ndani yake kuna safari tatu zimefungwa kwenye khanga moja, na khanga haitoshi. Lakini hofu zako mbili, breki na pumzi za mama, ndizo hasa za kuzungumza, na nitakaa nazo kuliko mambo mengine. Jibu langu kwa ufupi: nendeni. Nendeni Kitulo peke yake, kwa njia ya Songea, Noah iishie Makete, thamostati irudishwe kabla hamjawasha gari, na mama aonane na daktari wake kwanza. Sasa nieleze kwa nini.

Nianze na Liwale, maana hilo linaweza kuwaharibia safari kabla haijaanza. Mumeo ameangalia ramani, akaona kutoka Liwale hadi Ifakara ni kama kuvuka uwanja wa mpira. Ramani haijadanganya kuhusu umbali. Ila katikati pale pana Selous, na upande wake mkubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilometa za mraba 30,000 za pori na mito. Hakuna barabara ya umma inayokatiza pale ikakutoa Ifakara. Simu ikikuchorea mstari, ujue inakuchorea njia za doria za askari wa wanyamapori, na Desemba njia hizo ni matope. Ndiyo maana sisi watu wa kusini, tukitaka kwenda bara, tuna milango miwili tu: ama tupande pwani, tuvuke Rufiji kwa Daraja la Mkapa tutokee Dar es Salaam, ama tupite Masasi, Tunduru na Namtumbo hadi Songea. Zamani huo mlango wa pili haukuwa mlango. Nimelala Tunduru siku nne kwenye lori nikisubiri njia ikauke, nikila mihogo ya kuchoma asubuhi na jioni. Leo ni lami mwanzo hadi mwisho. Nyinyi wa Newala mko karibu nao zaidi hata ya watu wa Mtwara mjini: mkishuka Masasi mmeshaingia njiani.

La pili ni hizo hifadhi zenyewe. Watu wengi wakisikia hifadhi ya taifa wanafikiria kukaa garini, kioo chini, simba kulia, tembo kushoto. Mikumi ni hivyo, hata barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake kwa kilometa kama 50. Udzungwa si hivyo. Udzungwa ni msitu wa mlimani, gari linaishia getini Mang'ula na kilichobaki ni miguu yako na mwongozaji. Maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170, ni kitu cha kuona kabla hujafa, lakini kuyafikia ni kupanda mlima kwa saa kadhaa kwenye unyevunyevu. Wa miaka 14 atafurahi. Wa miaka minne utambeba mgongoni, na mama mkwe utamwacha getini na nani? Kilimanjaro nao, mita 5,895, hauendeshwi. Utauona ukiwa Moshi, kama mawingu ya Desemba yatakubali, halafu ugeuze.

Hesabu sasa kilometa. Mzunguko wote unaoutaka bila Kilimanjaro, yaani kwenda kwa Songea na kurudi kwa Dar es Salaam, unakaribia kilometa 2,500. Ongeza Moshi kwenda na kurudi, ni zaidi ya 1,000 nyingine. Gawa kwa siku saba: kilometa 500 kila siku, kila mtu ameketi, mtoto anatapika, mama miguu imevimba, na hifadhi mnaziona kupitia kioo cha nyuma. Newala hadi Makete kwa Songea na Njombe ni kama kilometa 870. Kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka huku na kule, hesabuni 1,900. Hiyo inaingia kwenye siku saba, na inabakiza siku moja nzima ya kukaa juu bila kukimbizana na saa. Udzungwa na Mikumi zina safari yake, siku nyingine, kwa mlango wa Dar es Salaam, na huko mtakutana na mlima Kitonga iwapo mtataka kusogea hadi Iringa. Tutazungumza siku hiyo.

Twende kwenye breki.

Mwanangu, mlima haukupimi kwa urefu wa barabara, unakupima kwa mita za kushuka. Gari likiwa juu limebeba nguvu, kama nazi iliyo mnazini. Likishuka, nguvu ile lazima iende mahali. Ukishika breki unaigeuza kuwa joto. Noah iliyojaza watu na mizigo ina uzito wa kama tani mbili. Ikishuka mita 500 kwa breki tupu, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha ndoo moja na nusu ya maji yaliyotoka bombani. Ndoo za lita 20, si vikombe. Joto hilo lote linakaa kwenye diski mbili za mbele zinazolingana na sinia dogo, na ngoma za nyuma. Lina sehemu mbili tu za kwenda: hewani, polepole, au ndani ya pedi na mafuta ya breki, haraka.

Pedi zikipata joto kupita kiasi zinateleza kwenye diski badala ya kuuma. Utakanyaga, kanyagio gumu, gari halipungui. Hiyo ni hatari ya kwanza, nayo hutoa harufu, kama plastiki inayoungua, kwa hiyo hukuonya. Ya pili haionyi. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya kusini ni ya bahari. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji ya kutosha yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, kanyagio linakwenda hadi sakafuni kama unakanyaga godoro. Gari lenye breki nzuri kabisa barabara ya Masasi, miaka mitatu halijabadilishwa mafuta ya breki, litakusaliti Lukumburu, kwenye milima kati ya Songea na Njombe. Mimi lilinisaliti hapohapo, kwenye lori, mwaka ambao bado nilikuwa na nywele. Niliokolewa na gia ndogo na shamba la mtu.

Ndiyo maana habari ya gia huru inanikera. Mweleze mumeo kwa upole, maana ni kosa la madereva wengi wazuri. Noah yake ina injini inayopimiwa mafuta na kompyuta. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, likiwa linashuka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, kompyuta inakata mafuta kabisa. Sifuri. Ukiweka gia huru, injini imebaki peke yake, inabidi ile mafuta ili isizime. Kwa hiyo gia huru inakula mafuta zaidi ya gia, na juu yake inakunyang'anya kitu cha thamani kuliko mafuta, yaani injini kukushikia gari. Na anayezima injini kabisa kwenye mteremko amejikatia nguvu ya breki, na usukani unakuwa mgumu kama wa trekta. Hilo sitaki hata kulizungumza.

Kwenye automatiki, zima kitufe cha O/D, yaani gia ya juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, si katikati. Ukiwa mkali, vuta hadi 2, na kwenye kona za mkunjo hadi L. Injini itapiga kelele. Iache ipige, kelele hizo ni salama, mradi mshale wa mizunguko haujaingia eneo jekundu. Breki kanyaga kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu hadi mwendo upungue, achia kabisa, diski zipate hewa, kanyaga tena. Usiburuze mguu juu ya kanyagio kilometa nzima. Ukinusa harufu, tafuta sehemu tambarare, simama nusu saa, chai ipo kwenye chupa. Usimwagie maji diski iliyopata moto, itapinda au kupasuka.

Na nyinyi mna bahati ambayo mtu wa Mtwara mjini hana: mteremko wa mazoezi uko mlangoni kwenu. Jumamosi moja kabla ya safari, mpe mumeo gari likiwa na mizigo, mshuke kutoka Newala kwenda tambarare ya Masasi mkitumia gia tu, breki kwa kugusagusa. Ni mteremko mfupi, mita mia kadhaa tu, lakini atajua sauti ya injini yake. Akifika chini, ashuke asogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Kama joto linamfukuza mkono, ametumia breki mno.

Sasa fundi wenu na thamostati. Simlaumu, huku kwetu ni desturi, na ina sababu. Thamostati ni mlango mdogo unaofunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, nyuzi kama 82 au 88 hivi, ndipo unafunguka. Ya zamani inaweza kukwama imefungwa, na kwenye jua la Newala ikikwama dakika kumi umeua gasketi. Fundi anaona bora aitoe kuliko kulaumiwa. Lakini dawa ya mlango mbovu ni mlango mpya, si nyumba isiyo na mlango. Bila thamostati, mkipanda Njombe kwenye baridi, injini haitafikia joto lake kamwe, kompyuta itadhani ni asubuhi siku nzima na kuimwagia mafuta, na hita haitatoa joto la maana kwa mama. Utakula mafuta zaidi na utatetemeka juu yake.

Kinachochemsha gari mlimani mara nyingi ni kifuniko cha rejeta. Hiki watu hawakijali kwa sababu kinauzwa bei ndogo. Maji huchemka mapema kadiri unavyopanda: karibu nyuzi moja inapungua kila mita 300. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600, sufuria yako itachemka kwenye nyuzi 91, ndiyo maana maharage ya huko yanakula kuni. Rejeta inajikinga kwa sababu kifuniko chake kinabana mgandamizo ndani. Kikichoka mpira, kinga imekwenda, na rejeta yako inakuwa sufuria kama sufuria nyingine. Badilisheni kifuniko, wekeni kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, na si maji matupu ya kisimani, na fundi apime kama mgandamizo unakaa.

Njiani juu mtaona gari limekuwa zito. Mumeo atasema tumewekewa mafuta yaliyochakachuliwa Songea. Hapana. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kitulo mtakuwa mmebakiwa na robo tatu ya gari. Asilazimishe gia kubwa, apande na gia ndogo na subira.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayompata mama. Kwa mita 2,600 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Kila anapovuta pumzi nne, anapata hewa ya pumzi tatu. Mwili wake utajibu kwa kupumua haraka na moyo kupiga zaidi, na hilo kwa mtu mzima mwenye presha iliyotulia si ugonjwa, ni mwili kufanya kazi yake. Wapo wanaoishi maisha yao yote Makete na wana miaka 90. Tatizo ni haraka. Maradhi ya kimo kwa kawaida huanza kuwaandama watu juu ya mita 2,500, saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika, na kinachoamua zaidi ni unalala wapi, si unatembea wapi. Kwa hiyo mpango mzuri kwa mama ni ngazi: alale Songea, kama mita 1,100 hivi, kisha Njombe, karibu mita 2,000, kisha Makete, juu kidogo zaidi, Kitulo aende mchana, aone, ashuke kulala. Hakuna haja ya kulala uwandani. Mkipita njia ya ngazi, kinachoweza kumsumbua zaidi ni baridi, kwa sababu baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Asiruke dawa hata siku moja kwa kisingizio cha kukojoa njiani. Simameni tu, pori lipo.

Mimi si daktari, ni dereva mstaafu. Mama aende kwa daktari wake wiki mbili kabla, apimwe, aseme wazi anakwenda mita 2,600. Kama presha haijatulia, au moyo una historia, au miguu inavimba hata akiwa nyumbani, daktari akisema asiende, asiende. Aishie Njombe na wajukuu wadogo, na si adhabu, Njombe ni pazuri. Swali jingine hukuliandika, nami lazima niliulize: kuna mtoto yeyote mwenye selimundu, sikoseli? Huku kwetu ipo. Hewa nyepesi na baridi vinaweza kumletea mtoto huyo maumivu makali na hatari. Kama yupo, au kama hamjawahi kupima na ndugu wana historia, pimeni kabla ya kuamua. Na mkiwa juu, kichwa kikiuma kidogo, maji na kupumzika. Kikizidi, mtu akatapika, akayumba, akashindwa kupumua hata akiwa amekaa, au akaongea yasiyoeleweka, hamsubiri asubuhi. Mnashuka saa hiyo, na mnakwenda hospitali.

Desemba au Juni? Hapa kila upande una deni lake. Maua ya Kitulo ni ya mvua: yanaanza Desemba na kuendelea hadi Aprili. Juni na Julai barabara kavu, anga safi, lakini uwanda ni majani makavu na usiku kuna sakitu, umande ulioganda. Ukienda Juni umeona uwanda, hukuona bustani. Ukienda Desemba, maua yapo, ila kumbuka huko juu mvua zimeshaanza Novemba na hazina adabu. Mimi ningekwenda Desemba, baada ya tarehe 20 hivi, kwa sababu mvua ndiyo inayoyatoa hayo maua na Desemba ndiyo pesa ya korosho ipo mfukoni. Kutoka Masasi lami inawafikisha Njombe, na kutoka Njombe hadi Makete nayo sasa ni lami. Shida inaanzia baada ya hapo, kwenye udongo mwekundu wa kwenda uwandani.

Hapo ndipo nasema Noah iishie Makete. Mumeo atakasirika, wanaume tunapenda kumalizia wenyewe. Noah iko chini, inavuta magurudumu mawili, na udongo wa milimani ukilowa ni sabuni. Kodini gari la fowili pale Makete na dereva wa huko, kwa siku moja. Yule dereva anajua jana mvua ilinyesha wapi. Patanieni bei jioni kabla, mkubaliane nani analipia mafuta na mnarudi saa ngapi, si asubuhi mkiwa mmeshapanda. Wengine watawashauri mshukie upande wa Chimala kwa sababu ni njia ya mkato ya kwenda barabara kuu ya Mbeya. Ile ndiyo wanayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake, na inaanguka zaidi ya mita 1,000 kutoka uwandani. Rudi kwenye hesabu yangu ya ndoo. Mandhari yake hayana mfano, lakini si kwa Noah iliyojaza familia kwenye mvua.

Waandae watoto pia kuhusu Kitulo ni kitu gani, wasije wakalia hakuna simba. Ni uwanda wa nyasi juu ya mawingu, kilometa za mraba zaidi ya 400, uliotangazwa hifadhi mwaka 2005, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji na wageni wanauita Bustani ya Mungu. Kuna aina kama 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Hizo okidi ndizo zilizoleta hifadhi: mizizi yake ilichimbwa kwa magunia na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Mwambie wa miaka 14 kuhusu kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Kitulo ambaye wanasayansi walimtangaza kuwa spishi mpya mwaka huohuo wa 2005, ingawa wawindaji wa Rungwe walimjua siku zote kwa jina hilo. Mkimwona mtakuwa watu wa bahati. Ni mwoga na anakaa juu ya miti. Maua hayakimbii. Msichume.

Siku zenyewe ningezipanga hivi. Siku ya kwanza ondokeni Newala alfajiri, jazeni tangi Masasi, mle Tunduru, mlale Songea. Ni kilometa 525 hivi, ndefu kuliko zote, lakini tambarare, na sharti langu ni moja: kati ya Tunduru na Namtumbo msiwe njiani usiku. Pale tembo wanavuka kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na tembo hana taa za nyuma. Mkikaribia Songea, mtaiona milima ya Matogoro. Simamisheni gari. Mwonyeshe mama: mto Ruvuma unaanzia pale. Ule mto mnaoutazama kwa mbali mkisimama Shimo la Mungu pale Newala, uzi wa fedha mpakani na Msumbiji, chanzo chake ndicho hicho. Mimi nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilinyamaza kilometa kumi.

Siku ya pili Songea hadi Njombe, kilometa 235, na katikati ndipo Lukumburu ilipo na miinuko yake. Msiharakishe, malori yanapanda taratibu, mkae nyuma yao. Siku ya tatu asubuhi Njombe, maporomoko ya Luhuji yako karibu na mji, kisha mchana Makete. Ukungu utawakuta. Washeni taa za chini, si ndefu, maana taa ndefu kwenye ukungu ni kujiangazia uso mwenyewe. Siku ya nne Kitulo. Tatu zilizobaki ni kurudi kwa njia ileile, na mtashangaa si ileile, kwa sababu kurudi ndiko kuna miteremko. Magari mengi huharibika wakati wa kurudi, dereva ameshajiamini.

Getini bebeni vitambulisho vya NIDA, kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni. Malipo ni kwa kontroli namba, kwa simu au benki, kwa hiyo wekeni salio mapema mkiwa mahali penye mtandao. Mtoto wa miaka minne halipi, na wa miaka tisa analipa pungufu.

Nguo. Sisi wa pwani tunadhani baridi ni ile ya Julai Newala. Joto hupungua karibu nyuzi sita na nusu kila mita 1,000. Kama ufukweni Mtwara ni 28, Kitulo mchana huohuo mtakuta kama 11, na upepo juu yake. Nendeni mitumba sasa, kabla wengine hawajagutuka: sweta zito kwa kila mtu, soksi, kofia ya kufunika masikio kwa mdogo, na koti la mvua. Mama aongeze blanketi la garini.

Kuhusu fundi: msimpelekee gari siku moja kabla. Wiki mbili. Awe ni fundi anayefungua magurudumu yote manne mbele yenu, awaonyeshe unene wa pedi na hali ya ngoma za nyuma, abadilishe mafuta ya breki yote na kutoa hewa, arudishe thamostati mpya, kifuniko kipya cha rejeta, aangalie tairi kama hazijapasuka pembeni kwa jua, na spea iwe na upepo. Akisema breki ziko sawa bila kufungua, mtafuteni mwingine, hata kama ni shemeji. Kisha endesheni gari siku kumi za kawaida mjini, ili kilichofungwa vibaya kijioneshe kikiwa nyumbani. Zoezi la kushuka Masasi lije baada ya hapo.

Daktari akishaongea na fundi akishafungua, niandikie tena majibu yao yote mawili, hata kama si mazuri. Na umuulize mama kama magoti yake yanapanda ngazi. Kuna nyumba moja ya wageni Makete ina ngazi nyingi, sitaki niwaelekeze huko bure.